Adabu ya Kulalamika Miongoni mwa Waandishi wa Sheda

Kwa watu wanaotengeneza picha na filamu kwa Blender, waridi iliyokolea ni rangi ya habari mbaya. Programu huipaka juu ya umbo ambalo picha yake ya kufunika haionekani ilipo, na injini ya EEVEE huipaka pia pale sheda inaposhindwa kutafsiriwa ikaeleweka na kadi ya michoro. Mgeni akiiona hukimbilia kuandika kwamba programu imeharibika. Mwenyeji hachukui kalamu kwanza. Hunakili faili lake, kisha huanza kufuta: mti mmoja, taa moja, nodi moja (kipande kimoja cha hesabu ya sheda), mpaka kibaki kitu kidogo kabisa ambacho bado kinaonyesha waridi ile.

Kufuta huko ndiko heshima kuu katika jamii hii, na anayetaka kuielewa aanzie hapo.

Sheda ni programu fupi inayoamua uso wa kitu utapokeaje mwanga: shaba ing'ae, ngozi ipenyeze nuru kidogo, ukuta wa chokaa uitawanye. Mwaka 1984 Robert Cook alieleza namna ya kuunganisha hatua za uamuzi huo kama matawi ya mti. Mwaka uliofuata Ken Perlin akachapisha kanuni ya kelele, ile vurugu iliyopimwa inayowapa mawe na mawingu sura ya asili. Mwaka 1990 Pat Hanrahan na Jim Lawson wakaieleza lugha kamili ya kazi hiyo, ile iliyotumika na RenderMan ya Pixar. Miaka 20 baadaye, Januari 2010, studio ya Sony Pictures Imageworks iliifanya huria lugha mpya iliyobuniwa chini ya uongozi wa Larry Gritz, Open Shading Language, ambayo wenyewe huiita OSL. Mwishoni mwa 2012 ilikuwa imekwisha kuingia katika Cycles, injini nyingine ya Blender. Tangu hapo mwanafunzi mwenye kompyuta ya nyumbani na mhandisi wa studio kubwa wanaandika lugha moja, na lugha ikikosea, wanapeleka malalamiko kwa namna inayofanana.

Namna yenyewe ina kanuni. Ndani ya Blender, kwenye menyu ya msaada, kuna kitufe cha kuripoti hitilafu, nacho hujaza chenyewe aina ya mfumo wa kompyuta, kadi ya michoro na toleo la programu. Yanayobaki ni ya mtu: ni toleo gani la mwisho lililofanya kazi vizuri, ni hatua gani hasa zinazoileta hitilafu, na faili liko wapi. Anatarajiwa pia awe amejaribu kwa mipangilio ya kiwandani, ili lawama isiwe ya kiongezi alichokiweka mwenyewe. Ripoti hupokelewa na wachambuzi, ambao kazi yao si kutengeneza bali kurudia. Wakizifuata hatua na wao wakayaona yaliyoonwa, ripoti huthibitishwa na kupewa uzito wake. Wasipoona, humwomba mwenyewe maelezo zaidi, na akinyamaza kwa muda, faili la shauri hufungwa. Atakaporudi na maelezo litafunguliwa tena bila kinyongo.

Ukali huu una sababu. Mandhari ya filamu yanaweza kuwa na maelfu ya nodi, na msanifu anayekabidhiwa yote hayo pamoja na neno "haifanyi kazi" ni kama fundi cherehani anayeletewa kabati zima la nguo aambiwe moja inabana. Anayepunguza faili hadi mchemraba mmoja na sheda yenye mistari mitano amekwisha kufanya nusu ya matengenezo. Mara nyingi amefanya zaidi: njiani amegundua kwamba kosa lilikuwa lake, na ripoti haikuandikwa kabisa.

Jamii hii ina vitu vya kurithi vinavyorahisisha kazi hiyo. Kipo chombo cha chai kilichochorwa na Martin Newell mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Utah, na kipo chumba kidogo cha Cornell cha 1984, chenye kuta mbili za rangi tofauti, kinachotumika kupima mwanga unavyodunda. Blender ina kichwa cha nyani kiitwacho Suzanne. Hitilafu ikionekana juu ya Suzanne, hakuna haja ya kueleza umbo. Kila mtu analijua sikio lake na kila mtu anaweza kulichora tena kwa sekunde chache.

Hata kasoro zina majina ya ukoo. Nukta nyeupe zinazotapakaa gizani huitwa vimulimuli. Madoa meusi juu ya uso laini huitwa chunusi za kivuli. Hutokea pale mwale unapoondoka juu ya uso na, kwa sababu ya kukadiria tarakimu, ukaugonga uso uleule ulikotoka. Mgeni huleta vimulimuli kwa hasira akidai vifutwe. Jibu la wenyeji ni la upole lakini thabiti: hiyo siyo hitilafu. Injini imerusha miale kwa kubahatisha, michache sana kati yake ikaiona taa ndogo kali, na hiyo michache ikapewa uzito mkubwa mno. Atashauriwa aongeze sampuli, yaani idadi ya miale, au aweke kikomo cha mwanga. Kuambiwa "siyo hitilafu" huuma, lakini anayeisema huandamanisha sababu, na hapo ndipo wengi wamejifunza fizikia ya mwanga zaidi kuliko walivyoipata darasani.

Wasanifu wa lugha nao wametunga sheria za kuzuia malalamiko yasizaliwe. Katika hesabu za kawaida za kompyuta, sifuri ikigawanywa kwa sifuri hutoka kitu kisicho namba. Kitu hicho kikiingia kwenye pikseli moja, kisha picha ikapitishwa kwenye kichujio cha kulainisha, pikseli hiyo huwaambukiza majirani wote na doa likatanda. OSL imeamua kwamba kugawanya kwa sifuri kutoe sifuri, na kipeuo cha pili cha namba hasi kikitafutwa, jibu liwe sifuri vilevile. Mwanahisabati anaweza kukunja uso. Lakini msanii aliyeacha kompyuta ikichora usiku kucha hastahili kuamkia fremu zenye madoa kwa sababu ya mgawanyo mmoja, na uamuzi huo ni wa huruma kwake.

Kuomba uwezo mpya ni shauri jingine, nalo lina baraza lake. Penye kuripotiwa hitilafu za Blender, ombi hufungwa mara moja na mwombaji huelekezwa panapojadiliwa matakwa. Ombi linalosikilizwa huanza na picha ambayo mtu alishindwa kuitengeneza. Linalosema tu kwamba programu fulani ya kulipia inacho halifiki mbali. Na subira inahitajika. OSL ilipoingia Blender mwaka 2012 ilifanya kazi kwenye kichakataji kikuu pekee, wakati wachoraji walikuwa wanahamia kadi za michoro zenye kasi zaidi. Waliomba, wakaomba tena. Toleo la 3.5 la Machi 2023 ndilo lililoleta OSL kwenye kadi, nalo kwa kadi za NVIDIA tu, kupitia mfumo wake wa OptiX. Zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita.

Liko ombi moja linalopokelewa kwa tahadhari kuliko yote: kuboresha kilichopo. Mtu husema kelele fulani ina kasoro, irekebishwe. Huenda ni kweli. Lakini milima na magome ya miti katika mafaili ya watu yamesimama juu ya kelele hiyohiyo, na ukiigusa, vilima vya filamu iliyokwisha kupendwa vinahama. Ndiyo maana OSL ina aina kadhaa za kelele, kila moja kwa jina lake, na mpya hukaa pembeni ya ya zamani. Toleo la Blender 4.1 la mwaka 2024 lilipoiunganisha nodi ya Musgrave na nodi ya kelele, mafaili ya zamani yaliandikiwa njia ya kugeuzwa yenyewe yanapofunguliwa. Kwa macho ya wengi hiyo ni kazi isiyoonekana. Ni kazi ya heshima kubwa kwa waliotangulia.

Hitilafu ikitengenezwa, mara nyingi huacha nyuma jaribio: faili dogo na picha ya matokeo sahihi. Mabadiliko yajayo hulinganishwa na picha hiyo, na zikitofautiana, msanifu hujua amebomoa nini kabla ya mtumiaji kujua. Wanaotunga nyongeza za OpenGL, kiolesura ambacho programu hukitumia kuzungumza na kadi ya michoro, wana desturi inayokaribiana na hii. Waraka wa nyongeza huwa na sehemu ya maswali yaliyozuka, na chini ya swali huandikwa uamuzi uliofikiwa, ili atakayeuliza tena baada ya miaka asome mabishano ya waliotangulia.

Desturi hizi hazimbebi kila mtu sawasawa. Tangu toleo la 4.0 la Novemba 2023, Blender inadai OpenGL 4.3, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mtumba yenye kadi ya zamani ataripoti, na ripoti yake itafungwa kwa kuwa kifaa chake hakihudumiwi tena. Majadiliano nayo huendeshwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo faili dogo linapofaa kuliko maelezo marefu: mchemraba mmoja, sheda ya mistari mitano na picha mbili, ya kilichotarajiwa na ya kilichotokea, vinaweza kuchunguzwa na msanifu aliyeko Amsterdam hata kama sentensi zinazoambatana navyo ni mbili, tena za kubahatisha.