Chati Inasema Sikio Ni Zima, Nalo Linalia

Saa tisa usiku, mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, hunyamaza kwa muda mfupi sana. Baa ya kona imezima spika, matatu ya mwisho imeshusha watu wake, na waumini walio kwenye kesha wamefikia maombi ya kimyakimya. Hapo ndipo mlio wangu huja juu. Ni mwembamba na mkali, kama nyenje aliyenasa ndani ya waya wa stima, na haupumziki hata kidogo.

Ulianza miaka mitatu iliyopita. Usiku wa kwanza niliamka nikachomoa friji, nikachomoa televisheni, nikafungua mlango wa nje kutafuta ni mtambo gani wa jirani unaolia. Nikarudi kitandani, nikajifunika mto kichwani, mlio ukazidi. Ndipo nilipojua kwamba ninao mwenyewe, ndani ya kichwa.

Nilienda kupimwa. Nikakaa katika kibanda kisichopitisha sauti, nimevalishwa spika za masikioni, nikibonyeza kitufe kila nilipohisi nimesikia kitu. Mpimaji akatoa chati, akanionyesha mistari miwili iliyokaa sehemu ya juu ya karatasi. "Uko sawa kabisa, mzee. Masikio yako ni ya kijana." Ningefurahi. Lakini nilitoka pale na hofu kubwa kuliko niliyoingia nayo, kwa sababu kama sikio ni zima, basi kinacholia ni nini?

Mama mmoja jirani yangu anayeuza mboga aliniuliza ni sikio lipi. Nikamwambia yote mawili. "Basi wanaokusema ni wengi, mwanangu," akasema kwa huruma, na wiki ile nzima nilijikuta nikiwatazama watu wa ploti yetu kwa jicho baya. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba sikio likilia kuna mtu anakutaja. Inaonekana imani ndogo isiyo na madhara, ila kwa mtu ambaye sikio lake halinyamazi inaweza kumvunjia ujirani.

Ile chati haikunidanganya. Iliulizwa swali dogo, ikajibu hilo hilo. Hupima sauti hafifu kabisa unayoweza kuitambua ukiwa mahali palipo kimya, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8,000. Sikio changa la binadamu husikia hadi karibu hezi 20,000, kwa hiyo kuna sehemu kubwa ya juu ambayo kipimo hakikuigusa. Tena, kuutambua mlio mmoja kibandani ni kazi nyepesi. Kumsikia mtu akikuita pale stendi ya Muthurwa jioni, makanga wakipiga mabati ya magari na kila mhubiri akiwa na kipaza sauti chake, ni kazi inayodai neva nyingi zaidi.

Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti ambao kila mtu mwenye chati safi na sikio linalolia angepaswa kuelezwa. Waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Usikivu wa panya ulishuka, kisha baada ya wiki mbili hivi ukarudi kama zamani. Walipochunguza ndani ya sikio kwa hadubini, seli za kusikia zilikuwepo zote. Lakini katika sehemu inayopokea sauti za masafa ya juu, karibu nusu ya maungio yanayoshikanisha seli hizo na neva yalikuwa yametoweka. Usikivu ulikuwa umerudi, maungio hayakurudi.

Mwaka 2011, Roland Schaette na David McAlpine walio London waliwapima wanawake 15 wenye mlio masikioni na chati safi kama yangu. Ishara ya kwanza ya umeme inayotoka kwenye neva ya sikio ilikuwa dhaifu kuliko ya wenzao wasio na mlio. Ilipofika kwenye shina la ubongo, ilikuwa na nguvu ya kawaida. Njiani kuna kitu kilichoipandisha. Wataalamu bado wanabishana ni wagonjwa wangapi hasa wanaoelezwa na jambo hili, maana huwezi kumfungua mtu aliye hai ukahesabu maungio yake, lakini kwangu lilikuwa jibu la kwanza lenye maana.

Mtu wa huku kwetu Eastlands atalielewa kwa kukumbuka spika za kanisa. Mhubiri akiwa na sauti nyembamba, kijana wa mitambo hupandisha sauti. Mhubiri akitua kidogo, spika hubaki zikitoa shiii. Hakuna aliyesema neno, ila mtambo umefunguliwa mno. Ubongo unaopokea kidogo kutoka sikioni hufanya vivyo hivyo, nasi tunausikia ule mvumo wa mtambo wenyewe.

Nadhani najua nilikoupata mlio wangu. Tangu shule ya upili nilipanda matatu za 58 za Buruburu, na tulizichagua kwa spika. Nganya yenye besi ya kutikisa kifua ndiyo iliyokuwa yetu, hata kama nyingine ilikuwa imetangulia na ina nafasi. Tulishuka masikio yakivuma, yameziba kama yaliyoingia maji, na kesho yake yakafunguka. Kufunguka kule tulikuita kupona. Masikio ya wale panya wa Boston nayo yalifunguka.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda hupungua kwa nusu, hivyo kwenye 100 unabakiwa na kama dakika 20 kwa wiki nzima. Foleni moja ya Barabara ya Jogoo hula zaidi ya hizo.

Halafu kuna Kamukunji. Ukipita pale mafundi wakifua bati, wakitengeneza masanduku ya wanafunzi, makarai na majiko, nyundo haziachani. Kila pigo ni fupi na kali, na wale watu wanalipokea mamia kwa mamia kutoka asubuhi hadi jioni, wengine tangu wakiwa vijana wadogo. Kanuni za Kenya za kelele kazini za mwaka 2005 zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, na zinamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi. Fundi wa jua kali ni mwajiri na mfanyakazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna wa kumletea vikinga masikio. Mwishoni mwa 2022 kaunti ya Nairobi ilifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika mitaa ya makazi, na wengi wetu tulishukuru kwa ajili ya usingizi. Natamani tungewazungumzia wale mafundi kwa sauti iyo hiyo.

Kelele haiko peke yake. Wazee wa mitaa ya Kaloleni na Jericho waliokulia pande za Nyanza wanaijua kwinini, iliyokuwa dawa ya malaria kali kabla ya sindano ya artesunate: ulikuwa ukiwekewa dripu, masikio yanaanza kulia. Mara nyingi mlio huo ulikoma dawa ilipokwisha. Sindano za kanamaisini za kifua kikuu sugu zilikuwa kali zaidi, ziliwaachia baadhi ya wagonjwa uziwi wa kudumu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri zisitumike tena. Nta iliyogandamana na matatizo ya taya na shingo pia huweza kuleta mlio. Tafadhali, unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti na kifuniko cha kalamu viache nje ya sikio.

Kuna dalili zisizongoja mwisho wa mwezi. Mlio wa sikio moja tu, mlio unaodunda sambamba na moyo, au unaokuja na kizunguzungu, uonwe na daktari wa masikio. Usikivu ukipotea ghafla, nenda siku iyo hiyo, kwa sababu tiba yake huharibiwa na kuchelewa.

Kwa sisi wengine hakuna kidonge. Vile vya majani ya ginkgo vimepimwa, havikushinda dawa bandia. Tiba yenye ushahidi imara ni ya mazungumzo, inayombadilisha mtu namna anavyoupokea mlio, na niliiona ya ajabu mpaka nilipomfikiria mlinzi wa ploti. Akiambiwa usiku huu kuna wezi, hata paka akipita atapuliza filimbi. Ubongo uliokwisha kuuandikisha mlio kama hatari huulinda usiku kucha. Mwaka 1953, Heller na Bergman, watafiti wa Marekani, waliwaingiza watu 80 wasio na tatizo lolote katika chumba kimya kabisa. Asilimia 94 walisikia milio ya namna fulani ndani ya dakika chache. Mlio wenyewe ni jambo la kawaida mno. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba takribani asilimia 14 ya watu wazima duniani huupata, na ni kama asilimia 2 ambao unawatesa vikali. Wakati ule nilikuwa miongoni mwa hao.

Kosa langu lilikuwa kukitafuta kimya. Nilinunua pamba za kuziba masikio, nikafunga madirisha, nikahamia chumba cha ndani. Kila nilipopunguza kelele ya nje, mtambo wa ndani ulizidi kupanda.

Kisha ukafika usiku wa mgao wa maji. Mfereji ulianza kukohoa saa nane, nikaamka kupanga mitungi bafuni, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtungi wa kwanza ukajaa, sauti ikipanda taratibu kadiri maji yalivyokaribia mdomo. Wa pili ukajaa. Katikati ya wa tatu nikagundua kwamba nilikuwa nimesinzia, kichwa ukutani. Mlio ulikuwepo, niliuona nilipoutafuta, lakini hakuna aliyekuwa akiulinda.

Wiki iliyofuata niliurekodi mfereji kwa simu. Nauwasha kila usiku, sauti ikiwa chini kidogo ya mlio, nisiufunike, maana ubongo unahitaji kuusikia ili uuzoee.