Kwanza Jifunze Kusimama

Hadithi njoo, utamu kolea! Ila leo, wajukuu zangu, uongo tumeuacha nje, maana nitakayowasimulia ni kweli tupu.

Kaskazini ya mbali ya Uswidi, kilomita zipatazo 200 kupita Duara la Aktiki, kuna kituo kidogo cha michezo ya theluji kiitwacho Riksgränsen. Ukisogea kidogo tu umeshaingia Norwei. Hapo pana stesheni ya treni, hoteli, nyumba za kuhesabika, na milima mitupu isiyo na miti kwa sababu ya baridi na upepo.

Kituo hiki kimezaliwa na reli. Mji wa Kiruna una chuma kwa wingi ardhini, lakini bahari ya upande wa Uswidi huganda wakati wa baridi, na zama zile meli hazikupata njia. Bandari ya Narvik, upande wa Norwei, haigandi, kwa kuwa mkondo wa maji ya uvuguvugu huifikia kutoka Atlantiki. Basi watu wakavunja miamba, wakalaza reli milimani kupitia Riksgränsen, na mwaka 1903 mfalme Oscar wa Pili akaizindua. Barabara ya magari ilikuja kufika mwaka 1984. Kabla ya hapo, aliyetaka kuteleza Riksgränsen alipanda treni, na skii zake, yaani zile mbao mbili ndefu nyembamba za kutelezea, akazibeba humo humo.

Najua mtauliza: msimu wa kuteleza huko ni mwezi gani? Hapo ndipo penye ajabu. Lifti za Riksgränsen kwa kawaida huanza kazi Februari, na watu huteleza hadi Mei, wakati vituo vingi vya kusini vimeshafunga. Sababu ni jua. Dunia yetu huzunguka ikiwa imeinama. Sisi wa karibu na ikweta hatuoni tofauti kubwa: jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Kule, Desemba kaskazini imelipa jua kisogo, na kwa siku nyingi halichomozi kabisa. Kisha mambo yanageuka. Kuanzia mwishoni mwa Mei jua halizami. Saa sita ya usiku bado liko angani, na theluji bado iko mlimani. Ndiyo maana pale watu wamewahi kupanda lifti usiku wa manane na kushuka wakiwa wamevaa miwani ya jua.

Haya, tuvae. Buti la skii ni gumu, linapanda hadi kwenye muundi, na ukishafunga vifungo vyake kifundo cha mguu hakipindi. Buti hubanwa kwenye skii mbele na nyuma. Ukianguka vibaya kibano kinaachia chenyewe, ili mguu usipindwe ukavunjika. Kichwani vaa kofia ngumu, mikononi glavu.

Kupanda mlima kuna lifti ya kuvuta. Waya mrefu unazunguka juu ya nguzo, na kutoka kwenye waya huo zinaning'inia fimbo zenye kigingi kilicholala mwishoni. Unakiweka kigingi nyuma ya mapaja, nacho kinakusukuma. Wageni wengi huanguka hapa hapa, kwa sababu wakikiona wanadhani ni kiti, wanakaa. Usikae. Simama wima, legeza magoti, ziache skii ziteleze.

Mmefika juu. Sasa sikilizeni vizuri. Mwalimu wa skii hahangaiki kukufundisha kwenda, maana mlima wenyewe utakupeleka. Somo lake la kwanza ni kusimama. Kutanisha ncha za mbele za skii, tanua visigino mpaka skii zichore umbo la sambusa, kisha kandamiza kingo za ndani kwenye theluji. Ukitanua zaidi, mwendo unapungua. Ukitanua kabisa, umesimama. Ukiuelemea mguu wa kulia, unakata kushoto. Ukiuelemea wa kushoto, unakata kulia. Mtoto akishayajua hayo mlima haumtishi tena, maana anajua anaweza kuukatiza pale anapotaka.

Wapo pia wanaoteleza kwa ubao mmoja wa theluji, nao una namna yake. Miguu yote miwili hufungwa juu yake, nawe unasimama kiubavu, bila zile fimbo mbili ambazo mtu wa skii hushika mikononi. Kusimama ni kuulaza ubao ukingame mteremko na kukandamiza ukingo wa upande wa visigino au wa vidole. Mchezo huu ni wa juzi tu: mwaka 1965 huko Marekani baba mmoja, Sherman Poppen, aliunganisha skii mbili pamoja ili binti zake wachezee. Skii zenyewe ni za kale mno. Mwaka 1924 huko Kalvträsk, Uswidi, watu waliokuwa wakichimba mtaro waliikuta skii ya mbao yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Umeå. Kabla ya kuwa mchezo, skii zilikuwa usafiri wa wawindaji na wafugaji wa kaskazini, ambao bila hizo wangezama kwenye theluji hadi kiunoni.

Mchana jua likiwaka, watu wa huko huchimba shimo kwenye theluji ili kujikinga na upepo, wakatandika ngozi ya kulungu wa kaskazini, wakakaa na kakao ya moto, nyuso zimeelekezwa juani. Nao wakipumzika hivyo theluji inalainika, maana usiku iliganda ikawa ngumu na asubuhi ilikuwa ikikwaruza.

Mlimani kuna adabu zake. Njia hupewa rangi: kijani kwa anayeanza, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi kwa mabingwa. Aliye mbele yako hana macho kisogoni, kwa hiyo wewe unayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa. Na ukitoka nje ya njia zilizokaguliwa, mteremko mzima unaweza kuporomoka na kukufunika. Wanaokwenda huko hubeba koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kifaa cha redio kinachoonyesha mtu alipofukiwa. Vitu hivyo humfaa mtu aliye na wenzake wa kumfukua. Ukiwa peke yako, ni mzigo tu.

Nimalizie na mtu wa kwetu. Philip Boit, mwanariadha kutoka Kenya, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza skii, yeye ambaye theluji hakuwahi kuikanyaga. Miaka miwili baadaye akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilomita 10. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa asiye na mfano wakati ule. Boit alifika wa mwisho, dakika 20 nyuma yake. Dæhlie hakuwa ameondoka. Alibaki pale mwishoni mwa njia, akamngoja, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie, na akarudi tena kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Mimi naamini yule bingwa alilijua vizuri somo la kwanza la mlima. Mwenye kasi kuliko wote alisimama ili mwenzake afike. Siku mtakapokanyaga theluji, au popote mtakapowatangulia wenzenu, nataka na ninyi mlijue somo hilo.