Ndugu Yako Akiugua Akili na Wewe Uko Mbali

Kwenye chama chetu tunaongea mambo mengi: ada, viza, mpira, harusi. Kuna moja hatuligusi. Wengi tumekulia nyumba moja na kaka au dada mwenye maradhi ya akili, na tukiulizwa nyumbani mko wangapi, tunampunguza mmoja kwenye hesabu. Leo tulieleze kidogo.

Nachukua mfano wa skizofrenia, kwa sababu kaka yangu anao. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa watu kama milioni 24 duniani wanao ugonjwa huu, yaani kama mtu 1 katika kila 300. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au kwenye miaka ya ishirini, na wanaume huwahi kuliko wanawake. Ndiyo maana humkuta kijana yuko sekondari au chuo, na ukoo mzima unamtegemea. Kwanza anajitenga, halali, masomo yanashuka. Baadaye anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ana hakika kwamba majirani wanamfuatilia.

Hapo mtaa unaanza: karogwa, ana jini, kavuta bangi. Bangi kweli inaongeza hatari, hasa ukianza mdogo na ukavuta sana, lakini wako wengi wanaougua bila kuigusa. Wala si malezi ya mama. Zamani hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama, na nadharia hiyo ilishatupwa.

Sasa yule mtoto mwingine je? Huyu anakua haraka. Akisikia tu mlango ulivyofungwa, anajua leo kaka kaamkaje. Wazazi wamechoka, basi anajitahidi asiwe tatizo. Anamwonea kaka haya mbele ya marafiki, halafu haya hiyo inamuuma. Anampenda na anamkasirikia siku hiyohiyo. Jamani, hayo yote ni kawaida, hayakufanyi mtu mbaya.

Halafu kuna swali la usiku: na mimi je, nitaugua? Kwa mwenye kaka au dada mwenye skizofrenia, hatari ni kama mtu 1 kati ya 10. Maana yake 9 hawaugui. Ila kwa mwenye historia hiyo nyumbani, bangi si ya kujaribu.

Kwa tulio mbali, mzigo wetu ni simu na pesa. Dawa za ugonjwa huu zilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Kwa wengi haziufuti, zinautuliza, na mtu akiacha ghafla ugonjwa unarudi. Kwa hiyo ukituma pesa, uliza jina la dawa na inaisha lini. Kuna Mirembe kule Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, Kidongo Chekundu Unguja. Majina haya tunayatumia kutaniana, na ndiyo sababu moja familia zinachelewa kumpeleka mgonjwa. Kama wazee wanataka dua, iwepo dua na dawa pia, havigombani. Na ukipiga simu, omba uongee naye mwenyewe, usiishie kuongea na mama habari zake.

Na wewe je? Hapa Uingereza vyuo vina washauri wa bure kwa wanafunzi, na unayomweleza daktari wako hayapelekwi kwa wazazi. Ukizidiwa usiku, Samaritans wanapokea simu bure saa zote, namba 116 123.

Mwisho, nawaomba ninyi msio na mgonjwa nyumbani. Mwenzako akikwambia kaka yake anaumwa akili, usimuulize karogwa na nani. Muulize kaka anaitwa nani, na leo anaendeleaje.

Tukutane toleo lijalo.