Ng'ombe ana kijiji kizima, kuku ana mama peke yake

Ukitoka Geita kuelekea Bwanga, Katoro haikuagi. Maduka yanaendelea, bodaboda zinaendelea, spika za mahubiri na za singeli zinaendelea kushindana, na kabla hujajua umeshavuka mpaka wa wilaya na kuingia Buseresere, upande wa Chato. Mgeni akifika hapa huulizia dhahabu, na si kosa lake. Hii ni nchi ya maduara ya kuchimbia dhahabu na makarasha ya kusagia mawe yake, ambako hata muuza vitumbua anajua gramu ya leo inauzwaje. Lakini nyuma ya fremu za maduka, hatua chache kutoka lami, kuna uchumi mwingine ambao hautangazwi: kuku wanaochakura kwenye pumba, mbuzi wawili waliofungwa kwenye mwembe, nguruwe anayelalama kwenye banda la mabanzi, na pengine ng'ombe watatu wanne waliowekwa kwa shemeji nje ya mji.

Mfugaji mdogo wa hapa hupandishwa na kushushwa na dhahabu asiyoichimba. Ikivuma rashi ya dhahabu mahali, vijana huhamia huko na mama lishe nyuma yao. Chipsi mayai zinauzwa hadi usiku wa manane, supu ya asubuhi haitoshi, kitimoto inaisha mapema, na trei ya mayai hailali dukani. Rashi ikipoa, mayai yanazeeka kwenye trei, na nguruwe aliyekwisha kufikia uzito wa kuuzwa anaendelea kula pumba za mkopo. Migodi hiyo hiyo huchukua wachungaji. Kijana aliyekuwa tayari kuchunga kwa ahadi ya kulipwa ng'ombe, sasa anaona heri ashuke shimoni, huenda duara likatema wiki hii. Tena iko hofu ya maji. Kwenye mialo ya kuoshea mchanga kuna zebaki, na kwenye mitambo ya kuchenjua marudio kuna sianidi. Ng'ombe mwenye kiu ya Septemba hasomi kibao cha hatari.

Siku ya mfugaji huanza kabla ya mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kusikika njiani. Mama anafungua banda na kuhesabu. Hesabu ya asubuhi ndiyo habari ya siku: jana walikuwa kumi na tisa, leo kumi na saba. Kicheche kapita? Nyoka kaingia kwenye kiota? Au ni mkono wa mtu? Tetea wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, akaatamia siku 21, na kwa mwaka hurudia mara tatu hivi akijaliwa. Kwenye karatasi hiyo ni mali. Uani, mwewe anazunguka juu, bodaboda inapita mbio, mvua ya ghafla inawanyeshea vifaranga kabla mama yao hajawafunika. Wengine huwafungia chini ya tenga hadi wakomae manyoya. Wengine huwapaka rangi ya zambarau au ya waridi, wakiamini mwewe hatamtambua kifaranga wa rangi hiyo. Vifaranga wa zambarau wakikatiza barabara huchekesha wageni, ila wenyeji hawashangai.

Mbuzi ana kesi zake. Kamba ikikatika mchana, jioni mwenye mbuzi anaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mihogo iliyoliwa inahesabiwa shina kwa shina, na fidia inapangwa. Ng'ombe wa kienyeji hutoa lita moja au mbili tu za maziwa kwa siku, na kiangazi kikibana hata hizo hukatika. Hata hivyo hakuna anayemdharau: ndiye anayezaa maksai wa kuvuta plau, ndiye anayebeba mahari, na ndiye benki ya mwisho familia ikibanwa.

Neno benki hapa si la mapambo. Daftari na sare za shule hutoka kwa jogoo. Nauli ya kumkimbiza mtoto mwenye homa hospitali hutoka kwa mbuzi. Kiwanja na mahari hutoka kwa ng'ombe. Na wengi walipanda ngazi hiyo toka chini: kuku kumi wakabadilishwa kwa mbuzi jike, mbuzi watano sita wakabadilishwa kwa ndama. Zamani fedha ya pamba ilihamia zizini, na leo ya dhahabu inafanya vivyo hivyo. Mchimbaji mwenye akili anajua noti ikikaa mfukoni Katoro haioni Jumatatu.

Cha ajabu ni kwamba kadiri unavyoshuka ngazi hiyo, ndivyo mfugaji anavyoachwa peke yake. Ng'ombe ana kijiji kizima nyuma yake, na imekuwa hivyo kwa karne nzima.

Miaka ya 1920 huko Shinyanga, adui alikuwa mbung'o, anayeambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Charles Swynnerton, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alishirikiana na machifu wa Kisukuma kuwaita maelfu ya watu wafyeke mapori, kwa kuwa mbung'o akikosa kivuli hana maisha. Aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, hadi leo ina jina lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza Usukuma ulifungua mapori ya Geita nayo, na watu na ng'ombe wakahamia magharibi. Malisho ya huku yalipatikana kwa mapanga ya watu wengi kwa pamoja.

Wezi nao walipata dawa yao. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka Kahama na vijiji vya jirani, wakaibuka sungusungu, walinzi wa jadi. Mwano, yowe la kuitana, ukipigwa usiku, kila mwanaume anatoka na upinde wake, na asiyetoka anaeleza kesho mbele ya watu na kulipa faini. Sheria ya mwaka 1989 ikawatambua. Nyasi pia zilipata utaratibu: ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, desturi ya Wasukuma ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliifufua kuanzia 1986. Ongeza majosho ya kijiji ya kupambana na kupe wa ndigana kali. Kila balaa la ng'ombe, watu walikaa chini wakaliundia chombo.

Sasa mtazame kuku. Kiangazi kikikolea, ugonjwa wa mdondo unaingia. Wapo wazee wanaodai unaletwa na upepo. Kuku anazubaa, anahara kijani, shingo inapinda, na banda ambalo halijachanjwa linaweza kupoteza tisa katika kila kumi ndani ya wiki moja. Nini hutokea mtaani? Aliyeona dalili ya kwanza hasemi. Anawahi kisu, waliobaki wazima anawafunga miguu na kuwapeleka gulioni kabla hawajaanza kuzubaa nao. Mnunuzi wa Buseresere anamfungulia mgeni wake uani siku hiyo hiyo, achanganyike na wenyeji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, na daktari wa mifugo angekubaliana nao neno kwa neno: mgeni akae mbali na wenzake wiki mbili kwanza. Badala yake kamba inakatwa, na ugonjwa umeshapata nauli.

Kwa nguruwe ni vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, wala hapa nchini hakuna chanjo ya kumkinga. Husafiri kwa nyama, kwa mabaki ya jikoni, kwa gari lililobeba mgonjwa, na kwa kiatu cha mnunuzi aliyetoka banda moja kuingia la pili. Mtu akichinja kimya kimya na kusambaza kilo mbilimbili kwa majirani, ameokoa nusu ya hasara yake na kuugawa ugonjwa kwa mtaa mzima. Baadaye karantini inatangazwa na kila mtu analalamikia serikali.

Kwa nini kuku hana mwano? Jibu haliko mbali. Ng'ombe ni wa baba, huhesabiwa kwenye vikao vya ukoo. Kuku ni wa mama na watoto, na kinachomilikiwa na mama huitwa kidogo hata kikiwa ndicho kinacholipa madaftari.

Dawa yenyewe haikosekani. Chanjo ya mdondo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na friji kila nyumba: huvumilia joto kwa muda, na Tanzania hujitengenezea yenyewe. Kumchanja kuku ni kazi ya dakika. Unawakamata alfajiri, kabla banda halijafunguliwa. Kuku anabanwa kwapani, kichwa kinalazwa ubavu mpaka jicho litazame juu. Kichupa kinainamishwa, ncha isiguse jicho, tone moja. Hapo usimwachie. Subiri apepese. Akipepesa, limeingia. Baada ya miezi mitatu unarudia, kwa sababu kinga inapungua na vifaranga walioanguliwa katikati hawana kinga kabisa.

Kinachokwamisha ni hesabu. Kichupa kimoja kina matone ya kutosha kuku wa kaya nyingi, na kikishafunguliwa hakisubiri wiki ijayo. Mama mwenye kuku kumi na saba akinunua peke yake, kinachobaki kinamwagwa. Akikwepa hasara hiyo, anangoja, na mdondo haungoji naye. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambamo ng'ombe, mbuzi na kondoo huchanjwa kwa ruzuku na kuku wa asili huchanjwa bure. Ni hatua kubwa. Lakini mchanjaji hupita na kuondoka, wakati banda la kuku linataka tone lingine kila baada ya miezi mitatu, mwaka hadi mwaka.

Chombo cha kufanya hivyo tayari kipo Buseresere: vikoba. Akina mama hukutana kila wiki, wana mfuko, wana mweka hazina, wana daftari, na mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi cha akina mama ishirini kinachopanga tarehe nne kwa mwaka, kinachonunua kichupa kimoja na kuwatuma watoto wawili kukamata kuku nyumba kwa nyumba alfajiri, kimefanya kwa tone kile ambacho sungusungu walifanya kwa upinde. Afisa ugani wa kata akiitwa na kikundi ana sababu kubwa zaidi ya kuja kuliko akiitwa na mtu mmoja mwenye kuku mmoja mgonjwa.

Imebaki sheria moja ndogo, na ni ya kutungwa mtaani, si bungeni. Anayeona kuku wake wa kwanza anazubaa apige mwano: awaambie majirani siku hiyo hiyo, nao wamsaidie kuchimba shimo la kuzikia mizoga, na kikundi kimchangie vifaranga wa kuanzia upya. Na anayeficha mgonjwa na kumpeleka gulioni atozwe faini ile ile aliyotozwa mwanaume aliyebaki kitandani usiku ng'ombe wa jirani walipokuwa wakiibwa.