Shilingi Elfu Moja ya Mtoto

Iringa ni miongoni mwa maghala ya chakula ya Tanzania. Hata hivyo, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wake wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Uji wa mahindi mtupu hushibisha tumbo, bali haujengi mwili wala akili.

Serikali Kuu iliagiza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 za mapato yake ya ndani kwa lishe ya kila mtoto wa umri huo. Na mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa kulisimamia jambo hilo. Lakini agizo la taifa halimfikii mtoto mpaka liingie katika bajeti ya halmashauri, na fedha zitolewe. Fedha za kwenye makaratasi hazimlishi mtu.

Ndugu mzazi, siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa, hazirudi. Ulizeni katika mkutano wa mtaa fedha hizo zimefanya kazi gani. Na nyumbani, dagaa, maharage na mchicha visikose katika chakula cha mama mjamzito na cha mtoto aliyeanza kula.