Waliowauguza Wagonjwa wa Homa ya Melini

Mwaka 1847, maelfu ya watu waliikimbia njaa nchini Ireland, wakapanda meli kuelekea Kanada. Walirundikana chini ya sitaha kwa majuma kadhaa, bila maji ya kutosha wala nafasi ya kufua nguo. Humo chawa walizaliana, nao ndio waenezao homa ya tifasi. Siri hiyo haikujulikana hadi mwaka 1909, daktari Charles Nicolle alipoibainisha.

Wagonjwa waliofikishwa Montreal walilazwa katika mabanda kando ya mto. Masista wa Kijivu, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Marguerite d'Youville, waliingia humo kuwauguza. Dawa ya kuponya hawakuwa nayo. Waliwanywesha maji, wakawasafisha, wakabadilisha majani makavu ya kulalia, wakawatenga walio hai na maiti. Masista saba walifariki kwa homa hiyohiyo. Askofu Ignace Bourget naye aliambukizwa, akapona.

Wapendwa waamini, ushuhuda huu usitufanye tudhani kwamba tahadhari ni uhaba wa imani. Laiti masista wale wangalijua habari za chawa, wangalichemsha nguo, na huenda wengi wangalipona, wao wenyewe wakiwamo. Sisi tunayajua waliyofichwa wao. Basi, kipindupindu kinapozuka, tusimkimbie mgonjwa, wala tusimhudumie pasipo glavu, sabuni na maji safi. Kumkinga muuguzi nako ni tendo la huruma, kwa maana akianguka yeye, nani atamnywesha mgonjwa?