Indiana Jones Asingekiona Kigae cha Kaole

Mashabiki wengi wa Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa filamu, hawajui kwamba shujaa wao aliwahi kuletwa nchini kwetu. Kuanzia mwaka 1992, George Lucas aliyembuni alitoa mfululizo wa televisheni kuhusu ujana wa shujaa huyo. Katika hadithi mojawapo, Novemba 1916, kijana Indiana yuko Afrika Mashariki ya Wajerumani, anasaka treni yenye mzinga mkubwa pamoja na askari wazee wa mwindaji Mwingereza Frederick Selous. Treni ni ya kubuni, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia ni vya kweli. Mwezi huo Bagamoyo ilikuwa tayari mikononi mwa Waingereza, walioshuka kutoka baharini Agosti 15, na Selous mwenyewe aliuawa Beho Beho Januari 1917.

Filamu zenyewe zina mengi ya namna hii. Jina "Indiana" lilikuwa la mbwa wa Lucas. Nafasi ya shujaa ilikuwa iende kwa Tom Selleck, mkataba wa televisheni ukambana, akaipata Harrison Ford. Mitaa ya Cairo katika filamu ya kwanza, ya 1981, ni ya Kairouan, Tunisia, na yule adui mwenye upanga alipangiwa pambano refu. Ford alikuwa anaharisha, ikakubaliwa ampige risasi moja yaishe. Hazina pia zina asili yake. Sanduku la Agano, analolichimbua Misri, Waethiopia wanaamini limehifadhiwa Aksum kwenye Kanisa la Maria wa Sayuni. Mafuvu ya fuwele, kama lile la filamu mojawapo, yapo kwenye makumbusho kadhaa. Lile la British Museum lilipowekwa chini ya hadubini lilionekana na alama za gurudumu la kusagia, likajulikana kuwa ni kazi ya karne ya 19.

Nazipenda filamu hizi, na najua zimewavuta vijana wengi kwenye akiolojia. Lakini tazama tena lile tukio la mwanzo la filamu ya kwanza: sanamu ya dhahabu, mfuko wa mchanga, kisha mbio. Hakuna anayeuliza sanamu ilikaa kwenye udongo gani, pembeni yake kulikuwa na nini, nani aliiweka na lini. Kwa mwanaakiolojia hayo maswali ndiyo kazi yenyewe, na pwani yetu ina ushahidi wa kutosha.

Nenda Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji wa Bagamoyo. Pana magofu ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ishirini na kitu, baadhi yakiwa na nguzo ndefu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo mwaka 1958. Sogea karibu na nguzo utaona vishimo vya duara kwenye chokaa. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Desturi hiyo hiyo utaikuta kwenye makaburi ya Kunduchi, ukirudi upande wa Dar es Salaam.

Bakuli likiwa mahali pake linasema mengi. Kama lilipachikwa chokaa ikiwa bado mbichi, kaburi haliwezi kuwa la zamani kuliko bakuli. Linaweza kuwa jipya zaidi, kwa maana familia huweza kukaa na chombo cha thamani vizazi kadhaa kabla ya kukiweka kaburini. Kwa hiyo mchimbaji hulilinganisha na udongo wa chini, mkaa, shanga na kuta za jirani. Ling'oe ukaliuze, litabaki kusema kwamba lilitoka China. Habari za Kaole zitakuwa zimepotea.

Hata hivyo, kauri siyo iliyobadilisha historia ya pwani. Vigae vya vyungu ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Chittick, na James Kirkman aliyechimba Gedi huko Kenya, waliiona miji hii kimsingi kuwa kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Walikuwa wachimbaji hodari, ila macho yao yalikuwa kwenye mawe na kauri. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti aliouchapisha 1994, aliviangalia vyungu vya kupikia vilivyochorwa pembetatu kwa ncha kali, vya takriban karne ya 6 hadi ya 10. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana Lamu, vimepatikana Unguja Ukuu, na vimepatikana Dakawa, Morogoro, mbali kabisa na bahari. Chami alionyesha kuwa mtindo wao umetokana na ule wa wafua chuma waliotangulia. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za nguzo za misikiti midogo ya miti, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Mji ulikua papo hapo, kutoka udongo na miti hadi mawe. Wageni walikuja, wakaoa, wakazaa, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 umewaonyesha Waajemi miongoni mwao. Waliukuta mji na wenyewe.

Hayo yalipatikana kwa mwiko wa mwashi, brashi, kamba na chekeche. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, na kila kigae huandikiwa kilikotoka kabla hakijaingia mfukoni. Mtu anayetafuta dhahabu hukanyaga vigae hivyo akipita, kisha hufukia kila kitu kwa koleo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, ambayo Bagamoyo mnaifahamu. Kuchimba malikale bila kibali ni kosa, na anayevumbua kitu anatakiwa kutoa taarifa. Naandika haya kwa sababu viwanja vinapimwa kwa kasi kutoka Bunju hadi Mlingotini, na mafundi wanachimba misingi na mashimo ya choo kila siku. Ukikuta vigae vingi, shanga, kuta za matumbawe au mifupa, simamisha koleo. Usioshe kitu, usikipeleke nyumbani. Piga picha kwa simu, weka rula au kiberiti pembeni ukubwa uonekane, andika kina cha shimo, kisha toa taarifa serikali ya mtaa au ofisi ya mambo ya kale Bagamoyo. Mpaka maofisa wafike, funika shimo kwa turubai, maji ya mvua yasiingie.